Je, Bakole Alikuwa Tayari Kugombea Mkanda?



Mwezi huu sitaandika juu ya mbolea wala juu ya viwavijeshi. Nitaandika juu ya ngumi. Usishangae. Mimi ni bwana shamba, na kazi yangu ni mahindi, maharage na maksai. Lakini kila nikipita hapa Msanzi na vijiji vya jirani, vijana hawaniulizi tena habari za mbegu. Wananiuliza habari za Martin Bakole. "Bwana Shamba, yule Mkongo alikuwa tayari, au hakuwa tayari?"

Tena liko jambo la pili. Kijijini kwetu yuko kijana mmoja ambaye kwake swali hili si maongezi ya kijiweni. Habari zake nitazieleza huko mbele.

Kwanza tumjue Bakole. Ni Mkongo, mzaliwa wa Kananga. Mji huo uko mbali ndani ya Kongo, katika nchi ya Kasai. Siyo Kongo ile ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako wafanyabiashara wetu huvuka. Ndugu yake, Ilunga Makabu, naye ni bondia. Tarehe 31 Januari 2020, mjini Kinshasa, Makabu alishinda mkanda wa dunia wa WBC katika uzito ulio chini ya ule wa juu. Bakole mwenyewe alikwenda Uskoti, upande wa kaskazini wa Uingereza, akafundishwa huko na mwalimu aitwaye Billy Nelson.

Bakole ni bondia wa uzito wa juu. Maana yake ni hii. Mabondia hupimwa kwenye mizani kabla ya kupigana, ili mtu mwembamba asipambanishwe na jitu. Kila uzito una kikomo chake. Lakini uzito wa juu una mwanzo tu, hauna mwisho. Ukizidi kilo 90 na ushei, umeingia. Ukiwa na kilo 100, utapigana. Ukiwa na kilo 140, utapigana vilevile, na hakuna atakayekuambia kuwa umezidi. Neno hili ulikumbuke.

Na mkanda ni nini? Mkanda ni alama ya ubingwa. Viko vyama vinne vikubwa vya ngumi duniani: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila kimoja kina mkanda wake. Pambano la mkanda kwa wanaume ni la raundi 12. Kila raundi ni dakika 3, na kati ya raundi na raundi pumziko ni dakika 1. Ukizijumlisha dakika za kupigana peke yake utapata 36. Wewe uliyekwisha lima kwa jembe la mkono hapa Ufipa unajua dakika 36 bila kusimama ni kitu gani. Sasa fikiri kwamba jembe nalo linakurudishia.

Hadi mwisho wa mwaka 2024 Bakole alikuwa amepigana mara 22. Alishinda mara 21. Katika hizo 21, mara 16 pambano halikufika mwisho, kwa sababu mwenzake hakuweza kuendelea. Alishindwa mara moja tu, mwaka 2018, mjini London. Mmarekani Michael Hunter alimshinda katika raundi ya 10. Siku ile wengi walisema, "Huyu ana nguvu, lakini pumzi hana."

Hakukata tamaa. Mei 2022 alikwenda Paris, akapigana na Mfaransa Tony Yoka. Yoka alikuwa amepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016. Alikuwa kwao, mbele ya watu wake. Bakole alimwangusha mara mbili, akashinda kwa pointi. Oktoba 2023 alimsimamisha Carlos Takam katika raundi ya 4. Halafu Agosti 2024, huko Los Angeles, Marekani, alikutana na kijana aliyeitwa Jared Anderson. Wamarekani walisema Anderson ndiye bingwa wa kesho. Alikuwa hajashindwa hata mara moja. Bakole alimwangusha katika raundi ya kwanza, na katika raundi ya 5 mwamuzi akasimamisha pambano.

Mimi pambano lile la Anderson nililiona baadaye kwenye simu ya kijana mmoja. Niliona jambo ambalo vijana hawakulitaja. Bakole hakuwa na haraka. Alikuwa akisogea hatua fupi fupi, kama mtu anayeswaga ng'ombe kuingia zizini. Mwisho mwenzake hakuwa na pa kwenda. Hiyo si nguvu tu, hiyo ni elimu. Basi mtu akiniuliza kama Bakole, mwishoni mwa 2024, alistahili kugombea mkanda, nitajibu kuwa alistahili. Alikuwa miongoni mwa wale wanaongoja zamu.

Lakini kungoja zamu ni kazi ngumu. Bondia halipwi kwa kungoja. Tena bondia mwenye nguvu ambaye jina lake halijajulikana sana hupata shida ya peke yake: wakubwa hawataki kupigana naye. Akiwapiga, wanapoteza kila kitu. Wakimpiga, hawapati sifa kubwa.

Ikafika Februari 2025. Mjini Riyadh, Saudi Arabia, lilipangwa pambano la tarehe 22 kati ya Mwingereza Daniel Dubois, bingwa wa IBF, na Joseph Parker wa Nyuzilandi. Zikiwa zimebaki siku mbili, Dubois akaugua, akaondolewa. Tiketi zilikwisha uzwa, televisheni zilikwisha lipwa. Waandaaji wakatafuta mtu wa kuziba pengo. Wakampigia simu Bakole.

Bakole wakati huo alikuwa kwao Kongo, na hakuwa na pambano lililo karibu. Akakubali. Akapanda ndege, akafika Riyadh usiku wa manane, na siku ileile akapanda ulingoni. Mkanda wa IBF haukuwekwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mgonjwa. Lakini uliwekwa mkanda wa muda wa WBO, aliokuwa nao Parker. Mkanda wa muda hushikwa na yule anayengoja kupigana na bingwa mwenyewe. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kweli.

Mizani ilisema nini? Bakole alikuwa na kilo kama 143. Alipompiga Anderson alikuwa na kilo kama 129. Tofauti ni kilo 14. Hiyo ni kama robo tatu ya debe la mahindi. Twika mtu robo tatu ya debe, kisha mwambie apigane raundi 12 na mtu wa kilo 121 ambaye ameandaliwa kwa wiki nyingi, na ambaye zamani aliwahi kuwa bingwa wa dunia.

Katika raundi ya 2 ngumi ya kulia ya Parker ilimpata kichwani. Akaanguka, na mwamuzi akamaliza pambano.

Usiku ule nilikuwa kwenye banda la video. Wengine walipiga kelele, wengine waliinuka na kutoka bila kusema neno, maana wengi wetu tulikuwa upande wa Mkongo. Asubuhi yake ugomvi ukaanza. Kundi moja linasema: "Hakuwa tayari, ameonyesha kuwa ni bondia wa kawaida." Kundi la pili linasema: "Alikuwa tayari, bahati tu imemkataa." Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanakosea. Nitakueleza kwa njia ninayoijua.

Ndugu mkulima, mahindi yako unajuaje kuwa yamekomaa? Si kwa urefu, wala si kwa majani kukauka peke yake. Pukuchua punje ya katikati ya gunzi, utazame kitako chake, pale iliposhikamana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, punje imekomaa, haitaongezeka tena. Nilifundishwa hivyo chuoni na nimeona mwenyewe kuwa ni kweli. Lakini mahindi yaliyokomaa si lazima yawe tayari kuingia ghalani. Ukiyavuna na maji yake, yakazidi unyevu wa asilimia 13 na nusu hivi, yataota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu inayodhuru watu. Kukomaa ni jambo moja, na kuwa tayari kwa ghala ni jambo jingine.

Au tazama maksai. Huyu mfano wake uko karibu zaidi. Dume hufundishwa nira akiwa na miaka 2 hadi 3. Akishajua kazi, anajua, hasahau. Lakini kuanzia mavuno hadi mvua za Novemba maksai wako anakaa tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, wakulima wengi hapa Ufipa humfunga nira alfajiri na kumlimisha mpaka jua la saa 6. Siku ya pili amelala chini, anapigwa fimbo, anaambiwa mvivu. Si mvivu. Kazi anaijua, ila mwili umelala. Ninawaambia kila mwaka: anza na saa moja kwa siku, kisha mbili, kwa wiki moja au mbili, ndipo umpe shamba. Wanaosikia ni wachache.

Bakole alikuwa maksai wa namna hiyo. Kazi aliijua. Siku ile mwili haukuwa umeamshwa.

Kijana mmoja pale bandani, ambaye amesoma mpaka kidato cha nne, alinipinga kwa mfano mzuri. Alisema: "Bwana Shamba, mbona Andy Ruiz aliitwa kuziba pengo, na akashinda?" Ni kweli. Tarehe 1 Juni 2019, mjini New York, Ruiz aliingia badala ya mtu mwingine, akampiga Anthony Joshua katika raundi ya 7 na kuchukua mikanda. Dunia nzima ilishangaa, kwa sababu Ruiz alikuwa na kitambi. Lakini hesabu siku. Ruiz aliitwa mwezi mzima kabla ya pambano. Tena aliitwa akiwa ametoka kupigana Aprili ileile. Mwili wake ulikuwa umeamka. Na yaliyofuata? Desemba 2019 walirudiana huko Saudi Arabia. Safari hii Ruiz alipewa miezi, siyo wiki. Akaja na kilo kama 128, karibu kilo 7 zaidi ya mara ya kwanza, akashindwa kwa pointi. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata muda mrefu unaweza kuharibu." Hapo nilimpa mkono.

Wako pia ambao mwili uko tayari kabisa, ila elimu bado. Wazee wetu wa upande wa Uganda wanamkumbuka John Mugabi. Alipata medali ya fedha ya Olimpiki huko Moscow mwaka 1980. Alipoanza ngumi za kulipwa, kila aliyepigana naye hakufika mwisho. Zaidi ya watu 20, wote walisimamishwa! Machi 10, 1986, huko Las Vegas, alipewa bingwa Marvin Hagler. Mugabi alipigana kiume, tena katika uzito wa juu kuliko aliouzoea. Lakini karibu wote aliokuwa amewapiga nyuma aliwamaliza mapema. Hakuwa amefundishwa na mapambano yake nini cha kufanya pale mwenzako anapopigwa na haanguki. Raundi ya 11 alikwisha. Miaka mitatu baadaye, Julai 1989, alikwenda Ufaransa na kuupata mkanda wa WBC katika uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo kushindwa mara moja si kaburi.

Nimesema kaburi, na sikusema kwa mzaha. Novemba 1982, huko huko Las Vegas, Mkorea Kim Duk-koo aligombea mkanda. Wakati huo mapambano ya mkanda yalikuwa ya raundi 15. Alisimamishwa raundi ya 14, akapoteza fahamu, na baada ya siku chache akafa. Damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa. Baada ya kifo chake WBC ilipunguza raundi kutoka 15 hadi 12, na vyama vingine vikafuata. Ukiona raundi 12 leo, ujue zilinunuliwa kwa mtu.

Sasa nije kwa kijana wetu. Jina lake nalihifadhi. Ana miaka 23. Msimu wa mauzo hubeba magunia. Aliwahi kukaa Sumbawanga miaka miwili, akajifunza ngumi huko, na akapigana mara tatu, mapambano ya raundi 4. Alishinda yote. Mikono yake ni mirefu, na ngumi yake ya kushoto, naisema kama mtu asiye mtaalamu, inatisha.

Mwezi uliopita alipigiwa simu. Huko Tunduma bondia mmoja amejitoa, nafasi iko wazi, uzito wa juu, raundi 8, kuna mkanda. Malipo ni shilingi 300,000. Pambano ni siku ya nne kutoka siku ya simu. Mjomba wake alinifuata shambani nikiwa natazama maharage, akasema, "Bwana Shamba, wewe umesoma, huyu mtoto anakusikia. Njoo useme naye."

Nilikwenda jioni. Sikumkataza. Mtu mzima hakatazwi, na laki tatu ni fedha nyingi kwa mtu anayelipwa kwa gunia. Nilimwuliza maswali tu. Mara ya mwisho ulikimbia mbio lini? Akasema kabla ya kupanda. Huyo unayekwenda kupigana naye amepigana mara ngapi? Hajui. Daktari atakupima? Hakuambiwa. Nani atakaa kwenye kona yako, wa kurusha taulo ukizidiwa? Wamesema watampa mtu huko huko. Nikamwambia kuwa ngumi za kulipwa nchini zinasimamiwa na kamisheni, TPBRC, na kwamba pambano lililo halali lina kibali na lina daktari. Akaulize kibali kiko wapi. Hakuna aibu katika kuuliza.

Kisha tukaenda kwenye mizani ya chama cha ushirika, ile ya kupimia mazao. Alikuwa na kilo 88. Hata uzito wa juu hajaufikia! Alituambia kuwa wale waliompigia simu walimwambia ale ugali mwingi siku tatu hizi, zitatosha.

Mama yake alikuwa kimya muda wote, anapepeta maharage uani. Aliposikia habari ya ugali aliweka ungo chini, akauliza: "Mwanangu, hizo laki tatu ni za kwenda, au ni za kurudi?" Kijana hakujibu. Mjomba naye alitazama pembeni.

Huenda wewe msomaji unasema kuwa tulimwonea, kwamba nafasi haibishi hodi mara mbili. Nakuelewa. Hata Bakole huenda alifikiri hivyo alipopigiwa simu kule Kongo, na sitamlaumu, maana ni nani mwingine aliyekuwa akimpa nafasi ya mkanda? Yeye angalau alikuwa na mapambano 22 nyuma yake, alikuwa na jina, na baada ya kushindwa aliitwa tena. Tarehe 3 Mei 2025, huko huko Riyadh, alipigana raundi 10 na Efe Ajagba wa Nigeria, wakatoka sare. Kijana wetu akiumizwa Tunduma, nani atamwita tena? Tena atarudi kwa basi gani, na nani atakayempeleka hospitali?

Yako pia mambo ya zamani yanayonifundisha. Marehemu baba yangu alinisimulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa. Lilianza saa 10 alfajiri ya kule, yaani saa 12 asubuhi ya kwetu, na watu wazima waliacha majembe na kuzunguka redio moja ya betri. Watu husimulia jinsi Ali alivyoegemea kamba na kumshinda Foreman raundi ya 8. Lakini baba alipenda zaidi kusimulia kwamba pambano lilipangwa kuwa Septemba. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, na likaahirishwa zaidi ya mwezi. Wakubwa wote wale, na serikali nzima ya Mobutu, walingoja kidonda kipone. Fedha zote zile ziliweza kungoja.

Kijana alikaa usiku mmoja akifikiri. Asubuhi aliwapigia simu akiwa mbele ya mjomba wake. Aliwaambia kuwa mwezi huu hatakwenda, lakini wakimpa wiki 6 baada ya mavuno, na wakimwonyesha kibali na jina la daktari, atakuja, na atakuja na mwalimu wake wa Sumbawanga. Yule mtu wa upande wa pili alikata simu.

Hadi ninapoandika hawajapiga tena. Kijana anakimbia kila alfajiri kwenye barabara ya Matai, na juzi kwenye mizani ya ushirika alisoma kilo 89.